Barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni: tupokeeni kwa zamu nzima

Kwenu wakurugenzi wa vituo vya televisheni nchini Tanzania, wakuu wa vyuo vinavyofundisha filamu, na wahusika wa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Bodi ya Filamu.

YAH: ZIARA ZA MAFUNZO ZA WANAFUNZI WA FILAMU

Shikamooni wakubwa zangu.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya filamu, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Ombi langu ni moja na nalisema mapema ili mwenye haraka asome hapa aishie hapa: mwanafunzi wa filamu akiletwa kituoni kwenu, msimtembeze. Mwacheni akae zamu nzima, kuanzia kikao cha asubuhi cha wahariri hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku iishe na taa za studio zizimwe. Awe kimya, awe pembeni, abebe kebo ikibidi, lakini awepo.

Nieleze ziara zenyewe zilivyo, maana huenda wengi wenu mnaziona tu kwenye ripoti ya ofisa uhusiano. Basi la chuo linafika mnamo saa nne asubuhi likiwa na darasa zima. Getini tunaandika majina kwenye daftari na kuacha vitambulisho. Tunaingizwa ukumbini, tunaoneshwa video ya historia ya kituo, tunapiga makofi. Halafu tunapelekwa studio. Studio ni tupu, baridi kali, taa mbili tatu ndizo zinazowaka. Kila mmoja anakaa kwenye kiti cha mtangazaji apigwe picha. Tunapewa soda na maandazi, kiongozi wa darasa anatoa neno la shukrani, na saa sita na nusu tuko barabarani tunarudi. Wakati tunaingia, kikao cha wahariri kimeshamalizika. Wakati tunatoka, taarifa ya kwanza ya mchana haijaanza. Tunakuwa kama watalii wa siku moja Mikumi ambao simba yuko nyuma ya kichaka, amelala, na dereva anawaambia wamemwona.

Siku ya ziara yetu mwenyeji, kwa nia njema kabisa, aliwapa wavulana kamera waishike, sisi wasichana akatuelekeza kitini akisema tuna sura za televisheni. Mimi nasomea sauti. Niliuliza meza ya sauti iko wapi, nikajibiwa kwamba huko ni kwa mafundi na tutapita baadaye kama muda utaruhusu. Muda haukuruhusu. Sikitaji kituo wala sina kinyongo nacho, maana wenzetu wa vyuo vingine wanasimulia hayo hayo kuhusu vituo vingine. Nadhani hakuna aliyekaa akapanga iwe hivi. Imezoeleka tu.

Basi letu lilichelewa kuja kutuchukua. Bila kuchelewa huko nisingekuwa na cha kuwaandikia. Msimamizi wa zamu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alitukuta wachache tumejibanza kwenye korido akauliza swali moja: "Mnaweza kunyamaza?" Tukasema ndiyo. Akatusimamisha ukutani, nyuma kabisa ndani ya kontro rumu, yaani chumba cha kuongozea matangazo, na taarifa ya saa saba mchana ikaanza.

Jambo la kwanza nililoliona pale sijawahi kuambiwa darasani. Mwongozaji haangalii picha iliyo hewani. Iliyo hewani imeshapita, haina msaada tena kwake. Macho yake yako kwenye skrini ya pembeni, kwenye picha inayofuata, na mdomo wake uko mbele ya macho ya watazamaji kwa sekunde mbili tatu. "Stendibai kamera mbili. Teki mbili." Anaposema "teki", mkono wa mwenye swicha, ile meza ya kubadilishia kamera, tayari umeshuka, na taa nyekundu juu ya kamera imewaka. Dada wa prompta, mashine inayomwonesha mtangazaji maandishi ya kusoma, hasomi maneno, anaangalia mabega ya mtangazaji. Mabega yakipanda, mtangazaji anavuta pumzi, naye anapunguza mwendo wa maandishi. Mtangazaji akishikwa na jina gumu la kigeni, maandishi yanamsubiri.

Kisha habari ya tatu ikakosekana. Mwandishi alikuwa bado anahariri chumba cha jirani na sauti ilikuwa haijakaa sawa. Nilitegemea makelele. Hapakuwa na kelele hata kidogo. Mtayarishaji alisema kwenye maiki ya ndani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Nne inakuja tatu, tatu inashuka sita." Dada wa prompta akateremsha maandishi, mwenye maandishi ya chini ya skrini akatafuta majina mapya, fundi sauti akabadilisha njia ya kuingizia klipu, na mtangazaji, ambaye habari hiyo ya nne alitegemea kuisoma dakika nne baadaye, akaigeukia kamera nyingine akaisoma bila kukwama. Aliyekuwa nyumbani Mbagala akila chakula cha mchana hakujua kitu. Sisi ukutani tulikuwa tumeacha kupumua.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye sauti, maana ndiyo niliyoifuata. Fundi sauti alikuwa baba wa makamo, vidole vyake viko juu ya fada, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, muda wote, vinasogea kidogo sana, kama havisogei. Katikati ya taarifa alibonyeza kitufe akamwambia mtangazaji kwenye kifaa cha sikioni, "Bangili." Mtangazaji alikuwa ameweka mkono mezani na bangili inagusa kioo kila akifunua karatasi. Mimi nilikuwa sijaisikia. Baada ya kuambiwa nikaisikia, na tangu siku hiyo nasikia bangili za watu kila mahali, hata kwenye daladala.

Halafu kukawa na mwandishi aliyeko Dodoma, mubashara, nje ya Bunge. Siku hizi mwandishi anaweza kubeba begi la mgongoni lenye laini kadhaa za simu. Picha inagawanywa vipande, kila laini inabeba chake, na kituoni vinaunganishwa tena. Ni rahisi kuliko gari kubwa la setilaiti, ila inachelewa. Hata setilaiti inachelewa, kwani iko takriban kilomita 35,786 juu ya Ikweta, na kupanda na kushuka tu huila kama robo ya sekunde. Ndiyo maana mwandishi huulizwa swali akabaki anatutazama, na watu wa mitandaoni wakamcheka kuwa hajui jibu. Kumbe swali bado liko njiani. Fundi sauti alitueleza baadaye kwamba huyo wa Dodoma anarudishiwa sauti zote za studio isipokuwa yake mwenyewe, kwa sababu akijisikia akirudi amechelewa sekunde moja, ulimi wake utajikwaa. Kwa hiyo mezani kuna mchanganyo wa sauti wa watazamaji na mchanganyo mwingine kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama juani Dodoma. Semesta nzima ya somo la sauti nilikuwa sijasikia habari hiyo.

Wakubwa zangu, sisi wanafunzi wa filamu wa kizazi hiki tunasoma kazi hii tukiwa wapweke. Mmoja anapiga picha kwa simu au kamera ya kuazima, usiku anahariri kwenye kompyuta mpakato, anachanganya sauti na headfoni za mtaani, anaweka rangi, anaipandisha mtandaoni. Kosa linarekebishwa kesho yake. Hatujawahi kufanya kazi ambayo watu kumi wanaamua kwa pamoja na hakuna kurudia. Ukitaka kuongoza tamthilia ya kamera tatu, mechi ya mpira Uwanja wa Mkapa, ibada, tamasha au mkutano wa kampeni, unahitaji mwili uliozoea kontro rumu. Na vyumba hivyo vinavyofanya kazi kila siku, nchi hii, viko kwenu zaidi kuliko mahali pengine popote. Mpende msipende, ninyi ndio shule.

Mtakumbuka wenyewe tulikotoka. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe au hazikuwa na kitu. Bara tulisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Maana yake ni kwamba waliokuwa vijana wa kwanza kushika kamera za studio Bara sasa wanakaribia kustaafu au wameshastaafu. Ujuzi wao haujaandikwa kwenye kitabu cha Kiswahili wala cha lugha nyingine. Uko kwenye vidole na masikio, kama ya yule baba wa bangili.

Nitoe mfano mdogo. Karibu kila filamu fupi ya darasa letu iliyopigwa usiku ndani ya nyumba ina michirizi myeusi inayotembea juu ya picha. Tulikuwa tukilaumu simu, wengine wakilaumu taa za Kichina. Fundi mitambo wa kituo kile, amesimama ngazini na kikombe cha chai, alitumaliza kwa dakika chache. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi, hasa za tyubu na zile za bei rahisi, zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kurekodi picha 30 kwa sekunde, mwendo uliotoka kwenye nchi za umeme wa hezi 60 kama Marekani. Kamera na taa zinapishana hatua, michirizi inatokea. Weka picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya sehemu ya 1/50 ya sekunde, basi, michirizi imekwisha. Akaongeza kwamba televisheni yetu inakwenda kwa 25, wakati sinema kwa kawaida ni 24, na filamu ya dakika 100 iliyopigwa kwa 24 ikirushwa kwa 25 inaisha dakika ya 96, na sauti za waigizaji zinapanda wembamba zisiporekebishwa. Nani kati yetu alijua? Na bado tunashangaa mkikataa kazi zetu.

Hapo hapo niombe kitu ambacho hakiwagharimu chochote. Wekeni wazi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unaosema kituo chenu kinapokea filamu ya namna gani: mwendo wa picha, ukubwa, kiwango cha sauti, lugha ya maandishi ya chini. Tutaufuata. Na mkipata nusu saa usiku wa manane ambayo sasa hivi inajazwa na marudio ya marudio, ipeni filamu za wanafunzi. Mara nyingi mtayarishaji wa nje huambiwa anunue muda wa hewani. Mwanafunzi anayechangiwa nauli na shangazi yake hataununua leo wala mwakani.

Sasa kanda. Yule mama msimamizi, alipoona tumenyamaza kweli, alitupeleka pia kwenye chumba cha kanda. Sijui kama wakurugenzi huwa mnaingia huko. Ni chumba cha nyuma chenye rafu za chuma hadi darini, aina mbili za kanda za video za zamani: U-matic chini, Betacam juu. Nilivuta moja. Kwenye lebo paliandikwa kwa kalamu ya wino jina la kipindi cha kwaya, likakatwa. Chini yake hafla ya ufunguzi wa barabara, nayo ikakatwa. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, mechi. Kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo kwaya ilifutwa na barabara, barabara ikafutwa na mpira. Siwalaumu waliofuta, walikuwa na taarifa ya saa mbili ya kurusha na kanda hazitoshi. Ila zilizobaki zinaharibika zenyewe. Hewa ya Pwani ina unyevu, na gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye kanda hunyonya unyevu huo ikanata. Kwenye kingo za kanda nyingine kulikuwa na ukungu mweupe. Mashine za kuzisomea hazitengenezwi tena. Pale niliona moja nzima, na nyingine imefunguliwa mfuniko, imekuwa duka la vipuri la mwenzake.

Uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999: vyote vilitokea televisheni zikiwapo Bara, na enzi hizo picha zilikuwa kwenye kanda. Kuihamisha kanda ya saa moja kwenda kwenye diski kunachukua saa moja nzima, hakuna njia ya mkato, lazima icheze yote. Ninajua hamna mfanyakazi wa kumwacha amekaa mbele ya mashine siku nzima. Sisi tupo. Kila mwaka vyuo vinahangaika kutafuta pa kutupeleka mafunzo kwa vitendo, na wengi tunaishia kupiga picha za harusi au kutumwa vocha. Mtuweke huko nyuma na glavu na daftari. Tutasafisha, tutahamisha, tutaandika nani yuko kwenye picha na ni mwaka gani. Tarehe 27 Oktoba ni siku ya dunia ya urithi wa sauti na picha inayotambuliwa na UNESCO. Fungueni vyumba hivyo angalau siku hiyo moja, mchague wanafunzi wa kuanza nao.

Najua mtajibu kuhusu usalama, na jibu hilo nalielewa. Anayetaka kupindua nchi huanzia redioni. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi Nairobi walikwenda Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akachukuliwa na kulazimishwa kutangaza kuwa serikali imeangushwa. Geti lenu lina haki ya kuwa kali. Lakini ukali wa geti unaendana vizuri zaidi na wanafunzi wanne waliochunguzwa majina yao wiki moja kabla, wakaacha simu kwa mlinzi, kuliko darasa zima linalomwagwa na basi na kuzagaa korido zote. Kwa usalama wenyewe, utaratibu wa sasa ndio mbaya zaidi.

Mtasema pia tunasumbua. Ni kweli, tunasumbua. Nimeona mwenzetu akijirekodi akicheza mbele ya meza ya habari wakati fundi anajaribu kupima taa. Hili nawageuzia wakuu wa vyuo. Mnatuchangisha nauli, mnatujaza kwenye basi, halafu alama za ziara ni ripoti ya kurasa mbili ambayo kila mwaka inanakiliwa kutoka kwa waliotangulia. Mwanafunzi hakuulizwa anakwenda kutafuta nini. Wa sauti, wa kamera, wa uhariri na wa uandishi wote wanatembezwa njia moja. Tupelekeni kwa makundi madogo, kila kundi na idara yake, na mwalimu awe ameshaongea na mkuu wa idara hiyo kwa simu, si kwa barua yenye mhuri pekee. Asiyeweza kueleza swali lake kabla ya safari abaki chuoni. Nasema hivyo nikijua huenda nikabaki mimi.

Na wasichana msituamulie. Kama mtu anataka kutangaza, mpeni kiti. Mimi nipelekeni kwa baba wa sauti.

Kwa TCRA nina pendekezo fupi. Mnapopitia leseni za maudhui, waulizeni wenye vituo wamepokea wanafunzi wangapi kwa mafunzo ya zamu nzima, na katika idara zipi. Msiwatoze faini wasiopokea. Waulizeni tu, na majibu yao myachapishe. Bodi ya Filamu nayo inakagua filamu zetu na kutuambia zina upungufu wa kiufundi. Ingefaa ikae meza moja na vituo, ipange orodha ya zamu mwaka mzima, ili chuo cha Mwanza kijue kinakwenda kituo cha Mwanza mwezi gani na cha Arusha vivyo hivyo, badala ya wote kupigania milango ya Dar es Salaam.

Kituo kitakachokuwa tayari kinaweza kuanza na zamu moja ya mwezi ujao, wanafunzi wanne tu: mmoja kamera, mmoja sauti, mmoja uhariri, mmoja kwa mtayarishaji. Tutafika kabla ya kikao cha wahariri, tutavaa viatu visivyopiga kelele, na nauli ya kurudi usiku tutajitegemea.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa stashahada ya filamu, mwaka wa pili
Dar es Salaam